Pete ya Mpira Ndani ya Kalipa

Wasomaji wangu, leo naweka kompyuta pembeni. Wiki hii niko nyumbani Kibirichia, na pikapu ya mzee inayobeba viazi imeanza kushika breki gurudumu la mbele kushoto. Rimu inachemka hata kama breki haijakanyagwa. Fundi alituambia tununue kalipa nzima. Mimi nilitaka kwanza kujua kwa nini kitu hiki hukwama, na jibu likanirudisha nyuma zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski: bamba linazunguka na gurudumu, pedi mbili zinalibana. Tatizo ni kwamba pedi zake zilikuwa za shaba, na kelele yake ilikuwa balaa. Kwa miaka mingi magari mengi yakabaki na drami. Sasa drami hufungia joto ndani, na kwenye mteremko mrefu breki hupungua nguvu. Aliyewahi kushuka kutoka huku kwetu hadi Meru mjini na gunia za viazi nyuma haitaji kuelezewa zaidi.

Mwaka 1953 Jaguar yenye diski za Dunlop ilishinda mbio za Le Mans, na 1955 Citroën DS ikaleta diski kwenye gari la kuuzwa kwa wingi. Peugeot 504 ilitoka 1968 ikiwa na diski mbele. Hii Wakenya tunaijua: Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally ya 1975.

Haya, swali. Ndani ya drami kuna springi za kurudisha breki. Kwenye kalipa hakuna. Nani huirudisha pistoni? Jaguar za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa na pini maalum ya kuivuta. Kwenye kalipa za leo kazi hiyo inafanywa na sili, pete ya mpira yenye pembe nne ambayo ilikuwepo hata hivyo kuzuia mafuta yasivuje. Ukikanyaga, pistoni inasogea na mpira unajipinda. Ukiachia, mpira unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Basi! Kama ingekuwa programu, ningesema mtu amefuta mistari mia na kubakisha mmoja.

Lakini mstari huo mmoja unataka usafi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubaliwa kinashuka hadi 140. Maji hayo hayo huleta kutu, na kutu ikipita nguvu ya mpira, pistoni hairudi. Kenya inakubali magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na mengine huingia na mafuta ya breki ya tangu kiwandani.

Kabla hujanunua chochote, zuia magurudumu mengine, inua lile linaloshika na uliweke kwenye stendi imara (usiamini jeki peke yake). Fungua kidogo nati ya kutolea upepo. Gurudumu likilegea hapo hapo, presha ilikuwa imenaswa, na mshukiwa ni paipu ya mpira, si kalipa. Likibaki limeshika, angalia pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kisha pistoni. Itoe polepole kwa kukanyaga pedali. Upepo wa kompresa unaweza kuirusha ikakuvunja vidole. Osha kwa spiriti au mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha mpira, na hapo umejitengenezea ajali.

Yetu ilibaki imeshika. Pini zilikuwa kavu, pistoni ina kutu ya juujuu, kromu nzima. Tulinunua pakiti ya sili, grisi ya silikoni na chupa ya DOT 3, tukatoa upepo, kalipa ni ile ile. Kromu ikiwa imebanduka, usihangaike na msasa. Nunua pistoni.