Miswada ya Wanafunzi katika Bunge la Mfano la Marekani

Wapo wanaodhani kwamba kutunga sheria ni kazi ya wazee na mawakili peke yao, na kwamba kijana wa shule, hata akiwa hodari wa maneno namna gani, hana budi kungoja mpaka afikie umri wa kupiga kura ndipo aseme lolote juu ya mambo ya taifa. Huko Marekani fikra hiyo ilipata wapinzani zamani. Tangu miaka ya 1930 vijana wa shule za sekondari wa nchi hiyo wamekuwa wakiandika miswada yao wenyewe juu ya mambo makubwa ya serikali, wakaijadili katika mabunge ya mfano, na kuipigia kura. Katika makala haya twapenda kusimulia habari za desturi hiyo, kwa kuwa twaona ndani yake mna somo linalomhusu mwalimu wa lugha kuliko inavyodhaniwa.

Mwaka 1925, Bruno Jacob, aliyekuwa mwalimu katika Chuo cha Ripon, jimbo la Wisconsin, alianzisha chama cha kuwatukuza wanafunzi wa sekondari walio hodari katika midahalo na hotuba. Chama hicho kiliitwa National Forensic League, na tangu mwaka 2014 kimeitwa National Speech & Debate Association. Mashindano yake ya kwanza ya taifa zima yalifanyika hapo hapo Ripon mwaka 1931. Kwanza wanafunzi walishindana kwa midahalo ya kawaida, pande mbili zikibishana juu ya mada moja waliyopewa. Kisha, mwaka 1938, likaongezwa Bunge la Wanafunzi. Tangu hapo mwanafunzi hakungoja kupewa mada. Aliweza kuja na mswada alioutunga mwenyewe, akautetea mbele ya wenzake kama afanyavyo mbunge.

Haikuwa bahati tu kwamba jambo hilo lilizuka katika miaka hiyo. Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi. Wazazi wengi hawakuwa na kazi, na huko Ulaya madikteta walikuwa wakiwavisha vijana sare na kuwafundisha kutii bila kuuliza. Watu wengi waliingiwa na hofu kwamba vijana wao nao wangeichoka serikali ya kuchaguliwa. Kwa hofu hiyo, mwaka 1935, chama cha askari wa zamani kiitwacho American Legion kilianzisha katika jimbo la Illinois kambi ya wavulana iliyoitwa Boys State, ambamo vijana walijiundia serikali kamili ya jimbo. Mwaka uliofuata, katika jimbo la New York, chama cha YMCA kikaanzisha mpango wake wa vijana na serikali. Mwaka 1946 American Legion ikaanza kuwakusanya Washington wajumbe wa kambi za wavulana kutoka majimbo mbalimbali, wakae kama maseneta. Na mwaka 1947 wasichana nao wakapata mkutano wao wa taifa.

Sasa natuutazame mswada wenyewe, kwa maana somo kubwa limo katika umbo lake. Mswada wa mwanafunzi huandikwa katika ukurasa mmoja tu, na kila mstari hutiwa namba ili msemaji aweze kuwaambia wenzake watazame mstari wa saba au wa kumi. Kifungu cha kwanza hutaja jambo linalotakiwa lifanywe. Cha pili hueleza maana ya maneno yaliyotumika. Cha tatu hutaja idara ya serikali itakayosimamia utekelezaji. Cha nne hutaja siku sheria itakapoanza kutumika. Cha mwisho hutangua sheria zote zinazopingana nayo. Azimio ni kitu kingine. Hilo huanza kwa kutaja sababu moja baada ya moja, kila sababu ikitanguliwa na maneno "kwa kuwa", kisha huonyesha msimamo wa bunge, wala halina nguvu ya sheria. Na jambo linalohitaji kubadili Katiba huletwa kwa njia ya azimio, kwa sababu Kongresi peke yake haina uwezo wa kuibadili Katiba ya Marekani. Yapasa theluthi mbili za kila baraza zikubali pendekezo, kisha robo tatu za majimbo ziliidhinishe.

Tuseme kijana anataka maji ya kunywa ya shule zote yasiwe na madini ya risasi yanayotoka katika mabomba ya kizamani. Nani atampinga? Lakini mara ashikapo kalamu, kila kifungu humwuliza swali. "Shule" ni zipi? Za serikali tu, au na za watu binafsi? Ni kiasi gani cha risasi kitakachohesabiwa kuwa hatari? Je, kazi hii ni ya Serikali ya Muungano, ilhali shule huendeshwa na majimbo na wilaya zake? Idara gani itapima maji hayo, na fedha za mabomba mapya zitatoka wapi? Na ikiwa sheria itaanza mwezi ujao, mafundi watapatikana wapi kwa haraka hiyo? Kijana aliyeanza na tamaa njema hujikuta ana deni la majibu. Hapo ndipo atambuapo kwamba kutamani ni rahisi, na kwamba sheria ni tamaa iliyokubali kuulizwa.

Utaratibu wa kikao nao ni mwalimu. Wanafunzi humchagua mwenzao mmoja awe mwenyekiti. Kila msemaji hupewa dakika tatu. Mtetezi wa kwanza wa mswada akimaliza, huulizwa maswali kwa dakika mbili, naye mpinzani wa kwanza vivyo hivyo. Kisha pande mbili hupokezana. Aliyesema mara chache hutangulizwa mbele ya aliyesema mara nyingi, ili wenye sauti kubwa wasiwameze wanyonge. Na anayerudia tu yaliyokwisha kusemwa hapati sifa kwa waamuzi, hata maneno yake yakiwa matamu kama asali.

Msingi wa taratibu za namna hii ni kitabu cha Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, kilichotolewa mwaka 1876. Husimuliwa kwamba mwaka 1863 Robert aliombwa aongoze mkutano kanisani, katika mji wa New Bedford, naye hakujua afanyeje. Mkutano ukavurugika mbele ya macho yake. Aliona haya, akaazimia kujifunza. Basi kanuni ambazo leo huwatuliza vijana katika mabunge yao zilitokana na fedheha ya mtu mmoja aliyeshindwa kutuliza kikao.

Je, mazoezi haya yana faida, au ni mchezo wa kuigiza tu? Tutatoa mifano miwili, mmoja wa sifa na mmoja wa onyo.

Mwezi wa Julai 1963 wavulana wa Boys Nation walikutana Washington. Mwezi uliotangulia Rais John Kennedy alikuwa amepeleka katika Kongresi mswada wa haki za raia, wa kukomesha ubaguzi wa watu weusi, na nchi nzima ilikuwa ikitokota kwa ubishi. Miongoni mwa vijana hao walikuwamo waliotoka majimbo ya kusini, ambako ubaguzi ulilindwa na sheria. Hata hivyo walipitisha azimio la kuunga mkono haki za raia. Tarehe 24 Julai Kennedy aliwapokea katika bustani ya Ikulu, akawasifu kwamba kwa namna fulani walikuwa wameonyesha juhudi kuliko magavana waliokutana Miami siku hizo hizo. Mmoja wa wavulana waliompa rais mkono siku ile alikuwa Bill Clinton wa Arkansas, mwenye umri wa miaka 16, ambaye mwaka 1993 aliingia Ikulu hiyo hiyo akiwa rais. Wakati ule katika majimbo mengi kijana hakupiga kura kabla ya kutimiza miaka 21. Umri wa miaka 18 haukuwekwa katika Katiba mpaka mwaka 1971. Vijana wale hawakuwa na kura, lakini walikuwa na msimamo ulioandikwa na kupigiwa kura hadharani. Mswada wa Kennedy ulikuwa sheria tarehe 2 Julai 1964, baada ya yeye kuuawa.

Mfano wa pili ni wa Texas. Mwaka 2017 wavulana katika kambi ya jimbo hilo walipitisha mswada wa kulitoa jimbo la Texas katika Muungano wa Marekani. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikwisha kuamua tangu mwaka 1869 kwamba jimbo halina haki ya kujitoa kwa uamuzi wake lenyewe. Kura ile ilitangazwa nchini kote. Watu wengine walicheka, wengine walisikitika. Mwaka uliofuata watengenezaji wa filamu waliingia katika kambi hiyo, na filamu yao, iitwayo Boys State, ilitolewa mwaka 2020. Sisi hatuwalaumu vijana wale kwa kuthubutu. Kijana hujifunza kwa kukosea, na afadhali akosee katika bunge la mfano kuliko katika bunge la kweli. Lakini mswada uliopita bila kuulizwa maswali magumu huwa ni kelele iliyotiwa namba za mistari. Umbo ni lile lile la mwaka 1963. Kilichotofautiana ni uzito waliouweka ndani yake.

Kuna kisa kimoja zaidi, ambacho si cha bunge la mfano, lakini ni ndugu yake wa karibu, na kinatuhusu sisi walimu hasa. Mwaka 1982 Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliandika insha juu ya pendekezo la kubadili Katiba ambalo Kongresi ililipeleka kwa majimbo mwaka 1789 na likasahauliwa kabla halijaidhinishwa. Pendekezo hilo lilisema kwamba mabadiliko ya mishahara ya wabunge yasianze kutumika mpaka uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi uwe umepita. Watson alidai kwamba, kwa kuwa halikuwekewa muda wa mwisho, lilikuwa hai bado. Insha yake ilipewa alama ya C. Watson hakukata tamaa. Alianza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo, moja baada ya nyingine, kwa miaka kumi. Maine waliidhinisha mwaka 1983, wengine wakafuata, na mwezi wa Mei 1992 idadi ikatimia. Likawa badiliko la 27 la Katiba ya Marekani, zaidi ya miaka 200 tangu kuandikwa kwake. Mwaka 2017 chuo kikaibadili alama ile kuwa A.

Hatukieleza kisa hiki ili kumcheka mwalimu aliyesahihisha. Nani kati yetu hajawahi kusahihisha rundo la daftari usiku, macho yamechoka, akaipita hoja njema bila kuiona? Twakieleza kwa sababu chatukumbusha kwamba karatasi ya mwanafunzi yaweza kuwa na uhai kuliko alama tuliyoiandika juu yake.

Na hapa ndipo tunapotaka kufikia. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, Kiswahili kiliingia bungeni kwa mdomo kabla ya kuingia kwa kalamu. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Bunge la Kenya litumie Kiswahili, na wabunge wakakitumia. Lakini miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Tanzania, ambako Kiswahili kimezungumzwa bungeni tangu zamani, ilingoja mpaka mwaka 2021 ndipo ikapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake. Kwa muda mrefu, basi, raia alisikia mjadala kwa lugha aliyoielewa, kisha akahukumiwa kwa maandiko asiyoweza kuyasoma. Pengo hilo halizibwi na wafasiri peke yao. Huzibwa na watu waliozoea tangu ujana kusema kwa Kiswahili "kwa madhumuni ya sheria hii, neno shule maana yake ni", wakaijaza sentensi hiyo bila kubabaika.

Walimu wenzetu, kazi hii haihitaji jengo la bunge wala joho la spika. Yatosha karatasi moja, vifungu vitano, saa ya kupimia dakika tatu, na mwenyekiti aliyechaguliwa na darasa. Wanafunzi na wachague jambo lililo kubwa kwa nchi yao: ardhi, maji, karo, lugha ya kufundishia. Mwalimu asiwape majibu. Awaulize tu, kila wakati, ni nani atakayefanya, kwa fedha gani, na tangu lini. Wengine watakosea, na wengine watatuletea miswada ya kuchekesha. Lakini huenda katika rundo lile ikawamo karatasi moja inayostahili kusomwa mara ya pili. Tukiifikia, natuisome polepole kabla ya kuandika alama.