Mstari Mnyoofu Uliochelewa Kupata Mlinganyo Wake

Mlinganyo wa mstari unaopatikana kwa nukta moja na mteremko, yaani kiasi ambacho mstari hupanda au kushuka kwa kila hatua moja ya kwenda kulia, ni miongoni mwa mambo ya awali anayofundishwa mwanafunzi wa jiometri ya majiranukta, lakini katika historia ya taaluma hiyo ulikuja nyuma sana. René Descartes, aliyechapisha kitabu chake *La Géométrie* mjini Leiden mwaka 1637, alishughulika na mikunjo iliyowashinda Wagiriki, na mstari uliochorwa kwa rula haukumpa swali la kuuliza. Pierre de Fermat ndiye aliyetamka waziwazi, katika mswada wa miaka hiyohiyo, kwamba mlinganyo wa daraja la kwanza wenye vigeu viwili huwakilisha mstari mnyoofu. Kwa hilo anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa kwa kawaida, kwani mswada wake ulichapishwa mwaka 1679, miaka 14 baada ya kifo chake.

Kilichokosekana hasa ili kuufikia mlinganyo wa nukta na mteremko ni matumizi ya namba hasi. Jan de Witt, kiongozi wa serikali ya Uholanzi aliyekuwa pia mwanahisabati hodari, alieleza milinganyo ya mstari katika kazi yake ya mwaka 1661, lakini kwa kuwa herufi zake zilisimamia kiasi chanya tu, alilazimika kutenga mstari unaopanda na unaoshuka, kila mmoja na mlinganyo wake.

Gaspard Monge, aliyefundisha wahandisi wa kijeshi huko Mézières, Ufaransa, ndiye aliyeuandika mlinganyo huo kwa ukamilifu, katika makala iliyochapishwa mwaka 1784: tofauti ya y na y ya nukta iliyotolewa ni sawa na mteremko mara tofauti ya x na x ya nukta hiyo. Hivyo, mstari wenye mteremko 4 unaopita kwenye nukta (2, 3) huandikwa y − 3 = 4(x − 2), yaani y = 4x − 5. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mchoro wowote, na mteremko ukiwa hasi kanuni haibadiliki hata kidogo. Sylvestre Lacroix aliifuata njia hiyo ya Monge katika vitabu vyake kuanzia mwaka 1797, na ni kwa vitabu vya aina hiyo, vilivyoandikwa kwa ajili ya kufundishia, ndipo mstari mnyoofu ulipopata nafasi yake katika somo hili.