Moto Haupendelei: Wafinyanzi wa Handeni na Korogwe



Liko swali liulizwalo sana mabarazani: je, fundi huzaliwa, au hufundishwa? Wako wasemao kwamba sanaa ni kipaji kitokacho kwa Mungu, na kwamba mafunzo humfunga mtu mikono asiweze kuzua jipya. Wengine hushika kwamba hapana fundi asiye na mwalimu. Leo napenda tulipeleke shauri hili kwa wafinyanzi wa Handeni na Korogwe, maana wao wanaye hakimu asiyependelea mtu, naye ni moto.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Katika Uzigua na Usambaa kufinyanga ni kazi ya wanawake tangu zamani, na binti hujifunza mbele ya mama yake au shangazi yake. Hufundishwa kuujua udongo ufaao, kuutoa mawe na mizizi, kuuponda, na kuukanda hata usibaki na hewa ndani. Hapana gurudumu, kuta za chungu huinuliwa kwa vidole. Kisha chombo huparuzwa, husuguliwa kwa kokoto laini, na huanikwa kivulini siku kadhaa kabla ya kuchomwa uwanjani kwa kuni na majani. Maji yakisalia ndani ya udongo, mvuke hukipasua chombo. Ukuta ukiwa mnene huku na mwembamba kule, hupasuka vile vile. Mapambo yawe mazuri namna gani, moto hauyatazami.

Basi kipaji kina kazi gani? Tuviulize vigae vya kale. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Robert Soper alichimba huko Kwale, Kenya, akakuta vyungu vya karne za kwanza baada ya Kristo, vyenye kingo zilizokatwa mshazari na mifuo iliyopangwa kwa utulivu. Vigae vya namna hiyo vilionekana pia katika milima ya Usambara na Upare. Lakini kuanzia karne ya 7 hivi, mapambo yalibadilika: shingoni mwa chungu zikachorwa pembetatu zilizojazwa mistari. Vyungu hivyo vimepatikana pwani ya Kenya mpaka Msumbiji, na bara pia, katika bonde la Mto Pangani upande wa Korogwe. Profesa Felix Chami aliandika juu yake katika kitabu chake cha mwaka 1994.

Hapo pana jambo la kufikiri. Yuko mwanamke fulani, ambaye jina lake halikuandikwa, aliyeiacha mifuo ya bibi zake akachora pembetatu. Wenzake walipendezwa, wakamfuata. Huo ndio uzushi wa kweli. Lakini uzushi wake umetufikia kwa sababu chungu chake kilitoka motoni kizima. Kama asingaliujua udongo, pembetatu zake zingalikufa siku ile ile.

Wala jambo hili si la kale tu. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasomea sanaa Uingereza. Kwa kuwa alikuwa na kipaji na shule pia, angaliweza kuridhika. Lakini mwaka 1974 alikwenda Nigeria, katika chuo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani, mji uitwao Suleja leo, akajifunza kwa Ladi Kwali na wanawake wenzake namna ya kuinua chungu kwa mkono. Leo vyombo vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho, na hakuna awezaye kudai kwamba ni mwigo wa mtu mwingine. Mafunzo hayakumfunga mikono; yalimpa mikono.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na kweli kazi hii haimtajirishi mtu. Sufuria na ndoo za plastiki zimewapunguzia wafinyanzi wanunuzi, na mabinti wengi hawaoni faida ya kukaa karibu na mama zao udongoni. Hatari si kwamba vipaji vitakwisha. Watoto wenye vipaji huzaliwa kila mwaka, Handeni na Korogwe. Hatari ni kwamba watazaliwa pasipo mtu wa kuwaonyesha udongo upi unafaa. Kipaji hakirithishwi, lakini mafunzo hurithishwa, nayo yakikatika kwa kizazi kimoja, ni shida kuyaunga tena.

Udongo uwahi ungali maji.