Kipimo cha Dunia Kiko Mkononi mwa Nani?

Fungua orodha ya washindi wa mbio za ubingwa wa dunia wa Formula 1 katika miaka ya 1950. Utakutana na Fangio, Ascari na Moss, majina ambayo hata mtu asiyefuatilia magari ya langalanga huenda amewahi kuyasikia. Lakini katikati yao wapo Lee Wallard, Bob Sweikert na Pat Flaherty. Hawa hawakuwahi kushindana Monaco wala Silverstone kugombea ubingwa huo. Kila mmoja alishinda mara moja tu, katika mbio za maili 500 za Indianapolis, jimbo la Indiana nchini Marekani, na kwa ushindi huo jina lake likaandikwa katika daftari la dunia.

Ilikuwaje? Ubingwa wa dunia wa madereva ulipoanzishwa mwaka 1950 ulikuwa na mashindano saba. Sita yalikuwa Ulaya: Uingereza, Monaco, Uswisi, Ubelgiji, Ufaransa na Italia. Kuuita ubingwa wa “dunia” kwa ratiba hiyo peke yake kungekuwa kujipa cheo. Indianapolis ilipoongezwa kama shindano la saba, neno dunia likapata pa kushika. Ulaya ilihitaji jina la Indianapolis. Indianapolis yenyewe haikuhitaji kitu. Uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1909, ukasakafiwa kwa matofali zaidi ya milioni tatu, na mbio zake za kwanza za maili 500 zilifanyika mwaka 1911. Kufikia 1950 ulikuwa umeshajenga utukufu wake bila kumwomba mtu muhuri.

Magari ya pande zote mbili yalikuwa ya ukoo mmoja: kiti kimoja, magurudumu yaliyochomoza nje, hakuna madigadi. Kazi yake ndiyo iliyokuwa tofauti. Ulaya, dereva alipita barabara zenye kona za kulia na kushoto, kupanda na kushuka, akifunga breki na kubadili gia bila kupumzika. Indianapolis alizunguka njia ya kilomita nne yenye kona nne, zote za kushoto, mara 200, kwa mwendo ambao barabara za Ulaya hazikuuruhusu. Anayesema hiyo ya pili ni rahisi ajiulize kwa nini mabingwa wengi walirudi kutoka huko mikono mitupu.

Ajabu ni kwamba kabla ya kuunganishwa kwenye ratiba, pande hizi zilitembeleana vizuri zaidi. Mwaka 1913 Mfaransa Jules Goux alishinda Indianapolis kwa gari la Peugeot. Mwaka 1921 Mmarekani Jimmy Murphy alivuka bahari na Duesenberg, akashinda mbio kuu za Ufaransa pale Le Mans. Mwaka uliofuata akashinda Indianapolis kwa gari lilelile, likiwa na injini nyingine. Mwaka 1939 na 1940 Wilbur Shaw alishinda Indianapolis akiwa ndani ya Maserati ya Italia. Hapakuwa na pointi za pamoja. Palikuwa na watu waliotaka kujua nani ana mbio zaidi, na njia pekee ya kujua ilikuwa kupanda meli.

Pointi za pamoja zilipokuja, ziara zikapungua. Kati ya 1950 na 1960 Indianapolis ilihesabiwa mara kumi na moja, na karibu kila mara Wazungu walibaki kwao na Wamarekani wakabaki kwao. Aliyejaribu kwa uzito alikuwa Alberto Ascari, mwaka 1952. Ferrari iliandaa gari maalumu. Ascari akaacha mbio za Uswisi ili awe Indianapolis, akaanza nafasi ya 19, na baada ya mizunguko 40 gurudumu likamsaliti, safari ikaishia hapo. Akarudi Ulaya, akashinda mashindano yote sita yaliyobaki, akawa bingwa wa dunia. Kati ya mashindano aliyoshiriki msimu ule, Indianapolis ndiyo pekee iliyomshinda.

Mshindi wa siku ile alikuwa Troy Ruttman, kijana wa miaka 22. Kwa hesabu ya daftari, alibaki kuwa mshindi mdogo kuliko wote wa shindano la ubingwa wa dunia hadi mwaka 2003, Fernando Alonso aliposhinda Hungary. Kwa nusu karne, kila mwandishi aliyetaja rekodi hiyo alilazimika kuongeza maelezo: ya Ruttman inahesabika, ila ni ya Indianapolis. Yaani ni ya dunia, lakini siyo ile dunia.

Kifo hakikuweka maelezo ya namna hiyo. Tarehe 26 Mei 1955 Ascari alifariki akijaribu gari Monza. Siku nne baadaye, tarehe 30, Bill Vukovich, aliyeshinda Indianapolis mwaka 1953 na 1954, alifariki akiwa anaongoza mbio zake za tatu mfululizo. Mafundi wa pande mbili walizika watu wao wiki moja.

Yalifanyika majaribio ya kukutana. Mwaka 1957 na 1958 Monza iliandaa mbio za maili 500 kwenye njia yake yenye kona za mwinuko, Wamarekani wakaalikwa na magari yao, na pambano likaitwa la dunia mbili. Mwaka wa kwanza madereva wengi wakubwa wa Ulaya waligoma kwa kuhofia usalama. Jimmy Bryan akashinda, na mwaka uliofuata akashinda Jim Rathmann, Wamarekani wote wawili. Mwaka huohuo wa 1958 Fangio, bingwa mara tano, alikwenda Indianapolis, akafanya majaribio, akaondoka bila kushiriki. Baada ya 1960 Indianapolis ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, na hakuna aliyelia.

Hapo ndipo kukutana kwa kweli kulipoanza. Mwaka 1961, ikiwa haina tena pointi ya dunia hata moja ya kugawa, Indianapolis ilimpokea Jack Brabham wa Australia na gari dogo la Cooper lenye injini nyuma ya dereva. Wenyeji walikuwa na magari mazito, injini mbele, yenye nguvu kuyazidi yale ya wageni. Kwenye sehemu zilizonyooka Cooper iliachwa. Kwenye kona ilishika njia kuliko magari ya wenyeji. Brabham alimaliza wa tisa, na waliojua kusoma walisoma. Mwaka 1963 Mskoti Jim Clark alimaliza wa pili na Lotus yenye injini ya Ford. Mwaka 1964 A.J. Foyt alishinda kwa gari la injini mbele, na hilo likawa la mwisho la aina yake kushinda pale. Mwaka 1965 Clark aliacha mbio za Monaco, akaenda Indianapolis, akaongoza mizunguko 190 kati ya 200, akashinda. Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa Formula 1.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini uponyaji ulikwenda pande zote: Lotus waliifuata Indianapolis kwa sababu ilikuwa na zawadi nono na fedha za Ford, na Ulaya ya siku hizo haikuwa na mfuko wa namna hiyo. Kile ambacho ratiba ya miaka kumi na moja ilishindwa kufanya, mafundi na wahasibu walikifanya ndani ya misimu mitano.

Mtu aliyebeba dunia zote mbili mwilini alikuwa mkimbizi. Mario Andretti alizaliwa mwaka 1940 Montona, katika Istria, eneo lililokuwa la Italia wakati huo na leo liko Croatia. Baada ya vita familia yake iliondoka, ikaishi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi mjini Lucca. Mwaka 1954, akiwa Monza, kijana huyo alimwona Ascari akipambana na Fangio. Juni 1955, wiki chache baada ya kifo cha Ascari, familia ikahamia Marekani, katika mji wa Nazareth, Pennsylvania. Ndoto ilikuwa ya Kiitaliano, shule ikawa njia za vumbi za Pennsylvania. Mwaka 1969 alishinda Indianapolis. Mwaka 1978 akawa bingwa wa dunia na Lotus, akilithibitisha taji palepale Monza, siku ambayo mwenzake wa timu, Ronnie Peterson, alipata ajali iliyomuua. Wiki mbili kabla ya hapo Andretti alikuwa ameshinda Uholanzi. Tangu siku ile hakuna Mmarekani mwingine aliyeshinda mbio za Formula 1.

Msimu wa 1993 ulionyesha jinsi mizani inavyoweza kuyumba. Nigel Mansell, bingwa wa Formula 1 wa 1992, alihamia Marekani na kuchukua ubingwa wa huko msimu wake wa kwanza. Aliuthibitisha tarehe 19 Septemba, Nazareth, mji wa akina Andretti. Taji lake la Formula 1 lilichukuliwa na Alain Prost tarehe 26. Kwa siku saba mtu mmoja alikuwa bingwa wa pande zote mbili. Msimu huohuo Michael Andretti, mtoto wa Mario, alikwenda upande wa pili, McLaren. Alishiriki mbio 13, akamaliza wa tatu Monza, akarudi nyumbani kabla ya msimu kuisha. Watu wakatoa hukumu: Marekani ni rahisi. Miaka minne baadaye Jacques Villeneuve, bingwa wa Marekani na mshindi wa Indianapolis wa 1995, akawa bingwa wa Formula 1. Kisha Alex Zanardi, bingwa wa Marekani mara mbili, akamaliza msimu wa 1999 na Williams bila pointi. Hukumu ikageuka tena, kisha tena.

Wamarekani nao walijikata mguu. Mwaka 1996 langalanga yao iligawanyika kuwa ligi mbili zinazohasimiana, moja ikiwa na uwanja wa Indianapolis, nyingine ikiwa na timu nyingi kubwa. Waliungana tena mwaka 2008. Katika miaka hiyo kumi na miwili Formula 1 haikuhitaji kuwashinda, ilikaa ikatazama.

Siku hizi mzani umeandikwa. Ili kuendesha Formula 1 dereva anahitaji leseni kuu ya shirikisho la kimataifa la magari, FIA, na leseni hiyo inadai pointi 40 zilizokusanywa ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2022 timu ya Red Bull ilimtaka Mmarekani Colton Herta, aliyekuwa ameshinda mbio saba za IndyCar, ligi kuu ya Marekani. Alikuwa na pointi 32. Kwa hesabu ya wakati ule, aliyemaliza wa tatu katika Formula 2, ligi ya vijana ya Ulaya, alipata pointi 40 kamili. Aliyemaliza wa tatu IndyCar, dhidi ya watu wazima waliobobea, alipata 20. Leseni haikutoka. Yeyote aliyewahi kupeleka shahada yake ofisi ya nchi nyingine ili ilinganishwe, akaambiwa miaka yake minne ni sawa na miwili ya kwao, anaifahamu hesabu hiyo.

Utetezi wa upande wa pili una uzito wake. Mwaka 2019 ligi zote mbili zilishindana kwenye uwanja mmoja, Austin, Texas. Gari la Formula 1 lililoanza mbele lilizunguka kwa dakika 1 na sekunde 32; la IndyCar, dakika 1 na sekunde 46. Hiyo ni tofauti ya magari, na inatokana na pesa: timu za Formula 1 hubuni magari yao, wakati IndyCar wote hutumia bodi ya mtengenezaji mmoja, Dallara wa Italia. Lakini wapeleke Indianapolis, ambako wastani wa mizunguko minne ya kufuzu hupita kilomita 370 kwa saa. Alonso, bingwa wa Formula 1 mara mbili, alikwenda mwaka 2017 na kuongoza kabla injini kufa. Mwaka 2019 alirudi, na hakufuzu kuwa miongoni mwa magari 33.

Januari 2024 wasimamizi wa biashara ya Formula 1 walilikataa ombi la timu ya Andretti, ambalo FIA ilikuwa imeshalikubali. Moja ya sababu zao ilikuwa kwamba Formula 1 ingeipa thamani chapa ya Andretti kuliko Andretti ingeipa Formula 1. Wamiliki wa biashara hiyo tangu 2017 ni Liberty Media, kampuni ya Marekani. Basi mlango haukulindwa tena na Wazungu dhidi ya Wamarekani. Ulilindwa na waliomo ndani dhidi ya aliye nje. Mwaka uliofuata timu ileile ilikubaliwa, kuanza 2026, ikiwa na jina la Cadillac la kampuni ya General Motors badala ya jina la familia.

Herta yumo katika mpango huo kama dereva wa majaribio. Ili atimize pointi, alikubali kuacha IndyCar na kwenda msimu wa 2026 kushindana Formula 2, kati ya vijana, katika ligi ambayo madereva hupitia kabla ya kufika alikofika yeye. Mwaka 1950 daftari la dunia lilimwandika mtu wa Indiana bila yeye kuomba, kwa sababu lilimhitaji. Sasa halimhitaji tena, na yeye ndiye anayepanga foleni.