Hatari ya Maafa: Maana Yake Kando ya Mto Tana

Mkazi wa Hola au Garsen, nchini Kenya, akiambiwa kwamba Mto Tana ni hatari, haelezwi jambo geni. Lakini akisikia kwenye baraza la chifu kwamba kaya yake inakabiliwa na "hatari ya maafa", mara nyingi anaelewa yaleyale: mto umejaa, mto utafurika. Wataalamu waliounda istilahi hii hawakuwa wakiuzungumzia mto peke yake. Walikuwa wakizungumzia pia nyumba, ghala, mifugo na watu waliomo.

Katika istilahi zilizoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2017, hatari ya maafa ni hasara inayoweza kuipata jamii katika kipindi fulani: watu kufa au kujeruhiwa, mali kuharibika au kuangamia. Hupimwa kwa kutazama mambo manne kwa pamoja: tukio lenyewe linaloweza kudhuru, watu na mali vilivyo kwenye njia yake, wepesi wao wa kudhurika, na uwezo walio nao wa kukabiliana nalo. Ni makadirio ya jambo ambalo bado halijatokea. Likitokea na kuilemea jamii, ndipo tunaposema maafa.

Ugumu wa Kiswahili unaanzia kwenye neno hatari, ambalo limebebeshwa kazi nyingi. Nyoka ni hatari, barabara ni hatari, na mgonjwa naye yuko katika hali ya hatari. Linataja kitu kinachodhuru na pia uwezekano wa kudhuriwa. Ili kulitenga lile tukio lenyewe, waandishi wengine husema janga. Silipendi neno hilo hapa, kwa sababu msikilizaji akisikia janga anajua limeshafika na watu wanalia. Nchini Tanzania kuna kihatarishi, ila katika ofisi nyingi za huko vihatarishi ni uwezekano wa hasara unaoshughulikiwa na wakaguzi na wapanga bajeti. Naona tishio linatosha. Mafuriko ni tishio: yanaweza kuja, hayajapiga.

Sehemu ya tatu, ule wepesi wa kudhurika, huandikwa udhaifu katika ripoti nyingi. Neno hilo linawavunjia watu heshima. Mama anayelea wajukuu kwenye nyumba ya udongo na makuti si dhaifu. Anaamka kabla ya jua na kulima kuliko wengi wetu. Kilichopo ni kwamba nyumba yake itayeyuka majini wakati nyumba ya matofali iliyo hatua chache kutoka kwake itabaki imesimama. Uathirikaji ni neno refu, lakini linataja hali bila kumhukumu mtu.

Tuyapeleke maneno haya mtoni. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000, nao hupata maji yake Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Kaunti ya Tana River iko mbali chini, kwenye nchi kame na tambarare. Kwa hiyo tishio linaweza kufika Hola wakati mbingu ya Hola ni nyeupe kabisa. Mvua ikizidi huko juu, bwawa la Masinga lililo kwenye mto huo hujaa na kumwaga, kisha mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere hufuata. Maji huchukua siku kadhaa kuteremka, na yakifika kwenye tambarare hutawanyika na kutuama kwa majuma. Mafuriko makubwa yalitokea katika mvua za El Niño za 1997, yakatokea tena 2018, 2023 na 2024.

Mbona basi watu wamekaa njiani? Swali hili huulizwa kwa dharau na watu wa mjini, na linastahili jibu la heshima. Wapokomo wamelima kingo za Tana kwa vizazi vingi kwa sababu mafuriko huacha tope lenye rutuba, na mpunga, migomba na miembe hustawi hapo. Waorma huteremsha ng'ombe wao kwenye delta ya mto wakati wa kiangazi kwa ajili ya maji na malisho. Maji yanayobomoa ndiyo yanayolisha, na anayewaambia wahame moja kwa moja awaambie pia watakula nini.

Kinachobaki mikononi mwa kaya ni uathirikaji na uwezo, na hapa istilahi inaanza kuwa na faida. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki vikifungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, familia haitaanza upya kutafuta karatasi baada ya mafuriko. Mbegu za msimu ujao zihifadhiwe kwa jamaa anayeishi mwinukoni, kwa maana njaa hufuata maji. Dawa za kila siku za mgonjwa ziwe na akiba, na vidonge vya kutibu maji ya kunywa viwe nyumbani, kwani choo kikifurika kisima hakiaminiki. Mbuzi wapelekwe juu mapema. Ijulikane pia nani atambeba bibi asiyeweza kutembea. Na maji yanayokwenda kasi yasivukwe: sentimita 30 tu za maji zinaweza kulielesha gari dogo. Mwisho wa Aprili 2024, barabara ya Garissa kuelekea Madogo ilipokatika, boti iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka mahali paitwapo Kona Punda na watu wakafa.

Tangazo nalo lazima libadilike. "Kuna hatari ya mafuriko" halimwambii mtu afanye nini. Chifu na redio waseme maji yameachiliwa kutoka bwawa gani, yanatarajiwa kufika siku gani, yatafika kwenye vijiji vipi, na shule ipi iliyo mwinukoni imefunguliwa kupokea watu. Waseme hivyo kwa Kiswahili, kisha kwa Kipokomo na Kiorma, siku mbili kabla ya maji kufika, wala si usiku yanapoingia.