Nani Anajua Nini: Historia ya Ufunguzi wa Filamu ya Taharuki na Funzo Lake kwa Mwanafunzi Mtengenezaji

1.0 Utangulizi

Kwa miaka kadhaa bodi ya mitihani ya OCR nchini Uingereza iliwataka wanafunzi wa sekondari waliosoma taaluma ya vyombo vya habari kutengeneza ufunguzi wa filamu mpya ya kubuni, pamoja na majina ya washiriki, usiozidi dakika 2. Katika alama 100, filamu yenyewe ilipewa 60, utafiti na upangaji 20, na tathmini 20. Filamu ya taharuki ilipendwa katika zoezi hilo, kwa kuwa haidai gharama kubwa.

Hatari iliyopo ni utafiti wa namna hiyo kugeuka orodha ya alama za nje: giza, kisu, kofia inayoficha uso, nyayo katika ujia mtupu. Insha hii inadai kwamba historia ya utanzu huu inafundisha jambo jingine. Ufunguzi wa taharuki hujengwa kwa kugawa maarifa: nani anajua nini, na amekijua lini. Hoja hiyo inafuatiliwa katika filamu tatu: M (1931), Touch of Evil (1958) na Seven (1995).

2.0 Meza iliyoandaliwa: M

M ilikuwa filamu ya kwanza yenye sauti ya mwongozaji Fritz Lang, nchini Ujerumani. Inaanzia uani, watoto wakicheza mchezo wa kutoana kwa wimbo unaomtaja muuaji, na mwanamke aliyebeba nguo anawakaripia. Ghorofani mama mmoja anafua, kisha anaandaa meza akimngoja binti yake, Elsie, atoke shuleni. Njiani Elsie anadundisha mpira kwenye bango linaloahidi zawadi ya marki 10,000 kwa ajili ya kukamatwa kwa muuaji. Kivuli cha mwanamume kinaliangukia bango hilo, na sauti inausifu mpira. Baadaye mama anaita. Tunaonyeshwa ngazi tupu, dari tupu, sahani isiyoguswa, mpira ukibingiria kutoka vichakani, na puto lililonasa kwenye nyaya.

Mauaji hayaonekani. Kinachoonekana ni pengo kati ya mtazamaji, ambaye ameshajua, na mama, ambaye bado anaita. Mpira, puto na sahani ni vitu ambavyo mwanafunzi yeyote angeweza kuvipata. Kazi kubwa imo katika mfuatano: bango lazima litangulie kivuli, na meza lazima iandaliwe kabla ya utupu wake kuwa na maana.

3.0 Bomu na majina: Touch of Evil

Katika mazungumzo yake na François Truffaut mwaka 1962, Alfred Hitchcock alitofautisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu chini ya meza. Bomu likilipuka bila onyo, watazamaji hushtuka kwa sekunde 15. Wakijulishwa mapema, hukaa roho juu kwa dakika 15. Orson Welles alikuwa amekwisha kulitenda jambo hilo. Touch of Evil inaanza na mkono unaotega saa ya bomu. Bomu linawekwa ndani ya buti ya gari, na watu wawili wasiojua lolote wanaingia. Kwa zaidi ya dakika 3, bila picha kukatwa, kamera inalifuata gari hilo kuelekea mpaka wa Meksiko na Marekani, huku mume na mke wapya wakitembea kwa miguu jirani nalo.

Kisa cha ufunguzi huo kina uchungu wake. Studio ya Universal ilipitisha majina ya washiriki juu ya picha hiyo na kuifunika kwa muziki wa Henry Mancini. Mwezi Desemba 1957, baada ya kuona jinsi filamu ilivyohaririwa, Welles aliandika waraka wa kurasa 58 akipendekeza marekebisho. Alitaka ufunguzi usikike kwa miziki inayopishana kutoka vilabuni na redioni. Alifariki mwaka 1985. Toleo lililofuata waraka huo, likihaririwa na Walter Murch, lilitoka mwaka 1998.

Picha ni ile ile, lakini ufunguzi ni mwingine. Redio ya gari inaposikika, sikio hulifuata bomu hata jicho linapolipoteza. Herufi zinapopita juu ya picha, mtazamaji huhisi kwamba filamu bado haijaanza, na macho yake huliacha gari. Kwa hiyo mahali pa majina na chanzo cha kila sauti ni sehemu ya hadithi, na huamuliwa kabla ya kupiga picha.

4.0 Mikono isiyo na mwenyewe: Seven

Mfuatano wa majina wa Seven, filamu ya David Fincher, ulibuniwa na Kyle Cooper. Mikono inakata ngozi ya ncha za vidole kwa wembe, inaandika madaftari na kushona kurasa, huku herufi zilizokwaruzwa zikitetemeka. Waigaji huchukua mikwaruzo na kuacha kiini. Mtazamaji ameonyeshwa kazi ya mtu ambaye wapelelezi hawajamfahamu, lakini hakupewa uso wala sababu. Katika M tunajua kuliko mama. Hapa tunaona zaidi ya wapelelezi bila kuelewa tunachokiona. Pengo limegeuzwa, nalo bado ndilo linalofanya kazi.

5.0 Hitimisho

Filamu hizi zinatoa kipimo ambacho mpangaji anaweza kukitumia. Kando ya kila mchoro wa tukio, aandike safu mbili: anachojua mtazamaji, na anachojua mhusika. Aongeze safu ya sauti na ya majina. Ikiwa safu mbili za kwanza zinalingana tangu mchoro wa kwanza hadi wa mwisho, panaweza kuwa na giza na kisu, lakini taharuki haitakuwapo, na hakuna uhariri utakaoileta baadaye.

Welles alipanga vyema, kisha akanyang'anywa neno la mwisho. Mwanafunzi mwenye dakika zake 2 hana studio juu yake. Akiacha upangaji uwe karatasi za kujazia alama 20, atakuwa amelitupa mwenyewe neno ambalo Welles alilipigania kwa kurasa 58.