Mnara wa Fonthill

Fonthill Abbey, jumba la Wiltshire nchini Uingereza, halikujengwa kwa jasho la mwenyewe. William Beckford alirithi kwa babaye mashamba ya miwa huko Jamaika, pamoja na watumwa waliokuwamo, na kwa mapato hayo akasimamisha mnara uliozidi mita 80. Sukari ilipoacha kumlipa, madeni yalimzonga. Mwaka 1822 akamwuzia jumba John Farquhar, aliyetajirikia India kwa baruti. Koloni moja, tuseme, likanunua mali ya koloni jingine. Desemba 1825 mnara ukaporomoka, na hadi leo wapenzi wa majumba wanausikitikia. Mwaka 1833 Bunge lilipoufuta utumwa, lilitenga fidia ya pauni milioni 20. Waliokata miwa hawakupata hata senti. Waliolipwa ni wamiliki, Beckford akiwamo.